Kufuli Lililomponza Karani

Natoa ushuhuda huu kwa sababu kuna mwanamke aliyesimamishwa kazi kwa kosa ambalo hakulitenda, na shahidi mkuu aliyesimama dhidi yake alikuwa programu ya kompyuta. Mimi ndiye niliyekuwa nimekabidhiwa programu hiyo. Nilipita katika kipindi kigumu kuliko vyote vya maisha yangu ya kazi mpaka nikaweza kuonyesha kwamba shahidi yule alisema uongo. Nilitoka huko na imani moja ambayo sitaiacha: maktaba ya programu inayoshika makufuli ya faili ina wajibu wa kutamka wazi pale inapopoteza haki iliyopewa, hata kama tamko hilo litamkera mtumiaji. Ikinyamaza, atalipa binadamu.

Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo iliyokuwa na kandarasi ya kuingiza ramani za upimaji wa viwanja kwenye kompyuta. Ofisi kuu ilikuwa Dar es Salaam na tawi lilikuwa Morogoro. Kila kiwanja kilikuwa na faili lake: namba za bikoni, vipimo vya pande, ukubwa wa eneo, na picha ya ramani ya karatasi. Makarani wa Morogoro waliingiza vipimo. Wapimaji wa Dar wakahakiki na kusahihisha. Mafaili yote yalikaa kwenye hifadhi ya pamoja, seva kadhaa zilizoonekana kwa mtumiaji kama diski moja. Programu ya makarani haikuzungumza na seva hizo moja kwa moja. Ilipitia maktaba ya mteja, yaani msimbo unaokaa ndani ya programu na kuifanyia kazi ya kufungua faili, kusoma, kuandika, na kuomba kufuli ili watu wawili wasiandike mahali pamoja kwa wakati mmoja. Maktaba hiyo niliirithi. Aliyeiandika alikuwa ameshaondoka, na kazi yangu ilikuwa kuitunza.

Kisha viwanja vilivyokwisha kusahihishwa vikaanza kurudi kwenye vipimo vya zamani. Havikuwa vingi, na hilo ndilo lililotia watu hofu, kwa sababu uharibifu wa mashine watu huutarajia uwe wa jumla. Hapa kiwanja kimoja kilirudi nyuma, vya jirani vikabaki salama. Kwenye mambo ya ardhi, mita mbili zinatosha kuwafikisha ndugu mahakamani. Mtu akiona mpaka umehama bila maelezo, neno la kwanza linalomjia ni rushwa.

Walipofungua kumbukumbu za mfumo wakakuta jina. Sehemu kubwa ya mabadiliko yale ilikuwa imeandikwa na karani mmoja wa Morogoro, dada mchapakazi aliyesifiwa kwa kasi yake, na iliandikwa usiku, saa ambazo ofisi imefungwa. Kwa wengi kesi ikawa imekwisha. Anaingia usiku, wakasema, anarudisha mipaka kwa maslahi ya watu fulani. Akasimamishwa kazi kupisha uchunguzi, bila mshahara, naye ni mama mwenye watoto wanaomtegemea yeye peke yake.

Alinipigia simu jioni ile ile. "Dada, mimi nimefanya nini?" Nikamwambia, "Mdogo wangu, sijui bado. Nipe muda niangalie." Nilisikia watoto nyuma yake wakiuliza kama wanaweza kula.

Siku chache baadaye uongozi ukaniletea karatasi. Walitaka nisaini taarifa ya kiufundi inayothibitisha kwamba kumbukumbu za mfumo ni sahihi na haziwezi kuandikwa na mtu mwingine. Nusu ya kwanza ilikuwa kweli: hakuna aliyezichezea. Nusu ya pili sikuweza kuiapia, kwa sababu sikuwa bado ninajua maktaba ile inafanya nini mtandao unapokatika. Nikakataa kusaini. Mkataba wangu ulikuwa unaelekea ukingoni, na nikaelezwa kwa lugha laini kwamba suala la kuuongeza litasubiri taarifa ile. Wenzangu niliokuwa nakula nao mchana wakahamia meza nyingine. Maneno yakapita kwamba ninamkingia kifua kwa kuwa sote ni wanawake, kwamba huenda nami nina mgao wangu. Nyumbani nilikuwa na mtoto anayenyonya. Nilikuwa naamka usiku kumlaza, kisha nakaa mbele ya msimbo wa mtu mwingine hadi adhana ya alfajiri.

Nilimpigia mama yangu Tanga. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mbona sauti imechoka?" Nikamweleza lote. Hajui chochote kuhusu seva, lakini aliniuliza swali moja: "Hiyo karatasi, unayajua yaliyoandikwa humo?" Nikasema nusu yake siyajui. Akasema, "Basi usitie mkono wako." Nililishika neno hilo kama nguzo, na namshukuru Mungu kwa kinywa cha mama.

Nikapanda basi kwenda Morogoro. Mlinzi wa tawi, mzee wa makamo, alikuwa na daftari la getini aliloliandika kwa mwandiko safi. Humo aliandika nani ameingia na nani ametoka. Kwa zile tarehe za mashaka, yule dada alitoka jioni kama wengine na hakurudi. Hilo peke yake halikutosha, maana wangesema aliunganika kwa njia nyingine. Lakini mzee alikuwa na ukurasa wa pili. Kwa kuwa alidaiwa hesabu ya mafuta ya jenereta, aliandika pia kila umeme ulipokatika na kila uliporudi. Nilipoweka saa zake kando ya saa za kumbukumbu zetu, mikono ilianza kunitetemeka. Maandishi ya usiku yalitokea mara tu baada ya umeme kurudi. Kila mara.

Kompyuta za makarani zilikuwa kwenye inveta yenye betri kubwa, kwa hiyo hazikuzimika. Redio ya mtandao iliyokuwa juu ya paa haikuunganishwa kwenye inveta hiyo. Umeme ukienda, nayo ilikwenda. Hapo ndipo nilipoona kilichokuwa kikitokea, na nitakieleza kwa utaratibu kwa sababu kila mwenye kujenga mfumo wa namna hii anapaswa kukijua.

Karani alifungua faili. Maktaba ikamwombea kufuli, seva ikatoa. Karani akaandika, lakini maktaba ilikuwa na kawaida ya kuweka maandishi kwanza kwenye kashe, kumbukumbu ya karibu ndani ya kompyuta, ili isipeleke kila herufi mtandaoni. Umeme ukakatika, redio ikazimika. Jioni ikafika, programu ikagoma kufunga faili kwa kukosa mtandao, naye akaondoka na wenzake, kompyuta ikiwa imewashwa kama walivyoagizwa. Seva ya Dar ikasubiri kwa muda uliopangwa, haikusikia neno kutoka Morogoro, ikalifungua kufuli ili kazi za wengine zisikwame. Ilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Mpimaji wa Dar akafungua faili lile lile, akapewa kufuli kihalali, akasahihisha, akahifadhi, akafunga. Usiku umeme ukarudi. Maktaba ya Morogoro ikaunganika, ikakuta kufuli lake halipo tena, na badala ya kusema hivyo ikaomba jipya kimyakimya. Faili lilikuwa huru, ikapewa. Ikamimina kashe yake yote. Maandishi ya kale yakafunika masahihisho mapya, kwa jina la mwanamke aliyekuwa nyumbani amelala na wanawe.

Nilirudia jambo hilo ofisini kwa kompyuta mbili na waya mmoja. Nilichomoa waya, nikasubiri muda wa seva upite, nikaandika kutoka kompyuta ya pili, nikarudisha waya. Faili likaharibika mbele ya macho yangu. Nikarudia, likaharibika tena. Nililia pale pale mezani, na machozi yale yalikuwa ya shukrani.

Nilidhani mateso yameisha. Uongozi ukaniambia kwamba onyesho la waya haliwezi kueleweka na mteja aliyetupa kandarasi, kwamba kwanza nitengeneze, kisha wakitazama mfumo mpya ukifanya kazi bila hitilafu watalirudia suala la karani. Kwa maneno mengine, mkate wa yule dada ulikuwa umefungwa kwenye maktaba ambayo bado sijaiandika.

Katika usiku wa kusoma nilikutana na kazi ya Cary Gray na David Cheriton wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1989 walipendekeza kwamba seva isitoe haki isiyo na kikomo, itoe lizi: kibali chenye muda, ambacho mteja anaweza kukiongeza akiwa hai na kinachokufa chenyewe akinyamaza. Mwenye nyumba anayejua mkataba wa mpangaji unaisha lini hana haja ya kuvunja mlango mpangaji akipotea. Anasubiri tarehe ifike. Walionyesha pia kwamba muda mfupi, wa sekunde 10 hivi, unatosha kuleta faida kubwa. Kabla ya hapo, NFS, mfumo wa kushirikiana mafaili mtandaoni ulioanzishwa na Sun Microsystems miaka ya 1980 ulikuwa umeyaacha makufuli kwa huduma ya pembeni, na kompyuta iliyokufa na kufuli mkononi iliweza kuwakwamisha wengine mpaka iwake tena. Toleo la nne la NFS, lililofafanuliwa upya mwaka 2003, likaingiza lizi ndani ya itifaki yenyewe. Seva ya NFS ya Linux kwa kawaida hutoa sekunde 90. Chubby, huduma ya makufuli ya Google iliyoelezwa na Mike Burrows mwaka 2006, ilianza na sekunde 12.

Kusoma haya kulinipa nguvu kwa sababu niliona kwamba tatizo letu halikuwa la Morogoro peke yake. Watu wengine walishakutana nalo na wakaacha alama njiani. Mteja wa NFS ndani ya Linux ana swichi iitwayo recover_lost_locks, inayokuja ikiwa imezimwa. Maelezo yake yanaonya kwamba kuiwasha kunahatarisha data, kwa kuwa hakuna uhakika kwamba faili halikubadilika baada ya kufuli kupotea. Kitu ambacho watunzaji wa kerneli, yaani kiini cha Linux, wamekizima kwa makusudi, maktaba yetu ilikuwa inakifanya kila umeme unaporudi.

Nikaanza kuandika upya. Jambo la kwanza lilikuwa saa. Kila lizi ina saa mbili, ya seva na ya mteja, na usalama wote umo katika kanuni moja: mteja ajihesabie kuwa amekwisha kabla seva haijamhesabu hivyo. Kwa hiyo nilianza kuhesabu muda tangu ombi linapotumwa. Ukianza kuhesabu pale jibu linapofika, na jibu lilichelewa njiani, mteja atajiona bado ana haki wakati seva imeshaigawa kwa mwingine. Tena nikapunguza sehemu ya muda huo kama tahadhari. Sikutumia saa ya ukutani ya kompyuta, kwa sababu hurekebishwa na huweza kuruka mbele au nyuma. Nilitumia saa inayokwenda mbele tu. Hata hapo nikakutana na mtego. Kompyuta ya mkononi ikifunikwa na kulala, saa ile ya Linux iitwayo CLOCK_MONOTONIC husimama nayo. Ikiamka hudhani muda haujapita. Ipo nyingine, CLOCK_BOOTTIME, inayohesabu hata usingizi. Hiyo ndiyo niliyoichukua. Wapimaji wetu walikuwa wanafunika kompyuta zao kila wanapotoka kwenda uwandani, kwa hiyo tofauti hiyo ilikuwa na maana ya kila siku.

Jambo la pili lilikuwa mmiliki. Kwenye makufuli ya fcntl ya POSIX, kerneli humjua mmiliki kwa mchakato wake. Sheria hiyo ina ukatili ndani yake: mchakato ukifunga kishikio chochote cha faili, yaani njia yoyote iliyolifungua, makufuli yake yote juu ya faili hilo huachiwa, hata yale yaliyochukuliwa kupitia kishikio kingine. Linux ilileta mwaka 2014, katika toleo la 3.15, makufuli yanayoambatana na ufunguzi wenyewe wa faili ili kuepuka balaa hilo. Maktaba ya mteja ina shida zaidi, kwa sababu mchakato mmoja unaweza kuwabeba watu wengi. Seva kama NFS-Ganesha ikitumia libgfapi, maktaba ya mteja ya GlusterFS, inawawakilisha watumiaji wengi ndani ya mchakato mmoja, na ndiyo maana maktaba hiyo ina njia ya kutaja mmiliki wa kufuli na kitambulisho cha lizi waziwazi. Nami nikaamua kila ombi lije na jina la mmiliki wake. Sikutaka tena mfumo unaokisia nani ni nani. Ukisiaji wa namna hiyo ulikuwa umeshamfikisha mtu kwenye kamati ya nidhamu.

La tatu lilikuwa namna ya kurudisha. Lizi haiishi kwa muda peke yake. Seva inaweza kuiomba mapema mtu mwingine anapolihitaji faili. Mteja hutakiwa amalize kuandika kilichomo kwenye kashe, kisha aachie. Kerneli ya Linux, kwa lizi zake za ndani, kwa kawaida hungoja sekunde 45 kisha huivunja. Maktaba yangu ilipopokea ombi hilo katika majaribio, iliganda. Niliiangalia kwa usiku mwingi bila kuona kitu. Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mzee wa mitambo, mmoja wa wachache walioendelea kukaa meza moja nami. Aliniuliza, "Mwanangu, nani anapokea majibu ya seva wakati wewe unashughulikia ombi?" Uzi uleule, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu, uliokuwa ukipokea majibu ya mtandao ndio niliokuwa nimeupa kazi ya kumimina kashe. Ulituma maandishi ukasubiri jibu, na jibu lisingepokelewa na mtu mwingine ila wenyewe. Nikautenga uzi wa kupokea usifanye jambo jingine lolote, na ombi la kurudisha lizi nikalipeleka kwa mfanyakazi wa pembeni. Kuganda kukaisha. Nilimwambia, "Asante sana mzee," naye akasema alikuwa akimwombea yule karani kila siku.

La nne, ambalo kwangu ndilo moyo wa kazi yote, lilikuwa kifo cha kishikio. Lizi ikipotea, maktaba mpya haiombi nyingine kimya. Kishikio kile kinahesabiwa kimekufa, na kila jaribio la kuandika kupitia kwake linarudi na hitilafu. Mtu lazima afungue faili upya, asome yaliyomo sasa, ndipo aombe kufuli. Maandishi yaliyokuwa hayajapelekwa hayatupwi. Yanawekwa kwenye faili la pembeni pamoja na jina na saa yalipoandikwa, na binadamu anayalinganisha na yaliyopo. Kwa njia hiyo kumbukumbu haiwezi tena kusema mtu aliandika usiku alichokiandika mchana.

La tano lilikuwa ulinzi upande wa seva. Hata mteja mwaminifu anaweza kuangalia saa yake, akajiona yuko ndani ya muda, kisha akasimamishwa ghafla kabla ya kuandika: mashine pepe imegandishwa, au lugha ya programu imesimama kusafisha kumbukumbu. Akizinduka anaandika akiwa amechelewa. Ndiyo maana Chubby ilikuwa na alama za mfuatano, na ndiyo maana Martin Kleppmann aliandika mwaka 2016 akisisitiza kwamba kila kufuli litoke na namba inayopanda, na hifadhi ikatae namba iliyo ndogo kuliko ile iliyokwisha kuiona. Tulilazimika kuongeza ukaguzi huo kwenye seva zetu. Mteja pekee hawezi kujilinda dhidi ya usingizi wake mwenyewe.

Kazi ilipoanza kutumika, ugumu mwingine ukaja. Makarani na wapimaji walilalamika. Zamani mtandao ukikatika hawakuona kitu; sasa programu iliwaambia: "Kibali chako cha kuandika kimekwisha. Kazi yako imehifadhiwa kando." Wakasema nimeharibu mfumo. Msimamizi mmoja akaniomba niufiche ujumbe ule na kujaribu tena kwa siri, angalau mara chache, ili watu wafanye kazi kwa raha. Nilimwonyesha faili la kiwanja kilichorudishwa nyuma na jina lililokuwa juu yake. Nikamwambia raha ya zamani ililipiwa na mtu. Hakunijibu, lakini hakuniomba tena. Nilikaa na makarani mmoja mmoja, nikawaonyesha jinsi ya kulinganisha faili la pembeni na lililopo, na baada ya kuzoea ndio waliokuwa wa kwanza kuutetea ujumbe ule. Walielewa haraka kuliko uongozi, kwa kuwa walijua jina linalofuata kwenye kumbukumbu lingeweza kuwa la yeyote kati yao.

Kamati ya nidhamu ikaitishwa tena. Nilipeleka vitu vitatu: daftari la mlinzi, kumbukumbu za mfumo, na kompyuta mbili na waya. Sikutumia maneno ya kitaalamu. Nilimwomba mwenyekiti mwenyewe achomoe waya wa kompyuta yenye maktaba ya zamani, na mjumbe mwingine aandike kwenye ile ya pili. Kisha mwenyekiti akarudisha waya kwa mkono wake, akaona maandishi ya mwenzake yamefutwa na kumbukumbu ikimtaja yeye. Chumba kilinyamaza. Nikarudia kwa maktaba mpya. Ikatoa ujumbe, faili likabaki salama. Mmoja wa waliokuwa wakali kuliko wote akauliza, "Kwa hiyo yule binti alikuwa nyumbani kwake?" Nikasema, "Ndiyo. Alikuwa nyumbani kwake."

Alirudishwa kazini na kulipwa mishahara yake iliyozuiwa. Alipopewa barua ya kumsafisha aliomba jambo moja: isomwe kwa sauti mbele ya watu walewale waliosikia tuhuma. Ikasomwa. Viwanja vilivyokuwa vimerudi nyuma tulivipitia kimoja kimoja kwa karatasi za wapimaji, kazi ndefu iliyofanywa na timu nzima, naye akiwa miongoni mwa waliozisoma. Mkataba wangu uliongezwa. Wenzangu walirudi mezani polepole, na sikuwauliza kitu.

Namshukuru Mungu kwa mama aliyenizuia kusaini, kwa mlinzi aliyeandika daftari lake kwa uaminifu bila kujua litamwokoa nani, na kwa fundi aliyekaa nami wakati kukaa nami kulikuwa na gharama. Kwako unayeandika maktaba ya namna hii, chomoa waya kabla umeme haujakuchomolea. Fanya hivyo faili likiwa limefunguliwa na kashe imejaa, ngoja muda wa lizi upite, mpe mwingine nafasi ya kuandika, kisha rudisha waya na usome kumbukumbu inamtaja nani. Fanya pia kwa kompyuta iliyolala na kwa mchakato uliogandishwa. Na kwako kiongozi unayeletewa kumbukumbu za mfumo kama ushahidi dhidi ya mtu, muulize aliyezileta kama yuko tayari kueleza mfumo huo unafanya nini mtandao unapokatika. Kama hawezi, mwache mtu huyo aendelee na kazi yake na mshahara wake mpaka jibu lipatikane.